Poulsen: Mtu Aliyeihifadhi Sauti Ndani ya Chuma

Ni nyumba chache katika mwambao wetu, kutoka Lamu hadi Vanga, ambazo hazikupata kuingia kaseti. Ziliingia kaseti za taarabu za arusini, kaseti za kasida na maulidi, kaseti za mawaidha ya masheikh waliokwisha tutangulia mbele ya haki, na hata kaseti za salamu walizopelekeana jamaa waliobaki Mombasa na wenzao waliokwenda Uarabuni kutafuta riziki. Siku hizi kaseti zimewekwa kando, na sauti zile zile zimehamishiwa ndani ya kompyuta, katika chombo kiitwacho diski ngumu. Lakini iwe kaseti, iwe diski, asili yake ni moja, na asili hiyo ina mwenyewe.

Mwenyewe ni Valdemar Poulsen, raia wa Denmark, aliyekuwa wa kwanza kuichukua sauti ya binadamu na kuihifadhi ndani ya chuma kwa nguvu ya sumaku. Wako wanaolitaja jina lake katika vyuo vya uhandisi, ila kwa wengi wetu wanaotumia matunda ya kazi yake kila siku, jina hilo ni geni.

Maisha yake yafaa kusimuliwa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uvumbuzi wenyewe. Ya pili ni namna watu wa zama zake walivyovipima vyombo alivyovitengeneza. Kimoja kilipimwa kwa sifa na makofi, na kingine kikapimwa baharini kwa saa na kwa masafa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo iliyoamua ni kipi kitakachoingia kazini upesi na ni kipi kitakachongoja miaka mingi gizani.

MTOTO WA HAKIMU

Poulsen alizaliwa tarehe 23 Novemba 1869 katika mji wa Copenhagen. Baba yake alikuwa hakimu wa mahakama ya juu, na bila shaka mtoto wa mtu kama huyo hutazamiwa kufuata nyayo za mzazi wake. Lakini moyo wa Valdemar haukuelekea kwenye sheria. Alipoingia Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1889, alisoma elimu ya maumbile, na baada ya miaka minne akaajiriwa katika idara ya ufundi ya kampuni ya simu ya mji huo.

Simu wakati huo ilikuwa bado kitu kipya, na ilikuwa na kasoro moja kubwa. Kupiga simu katika nyumba isiyo na mtu kulikuwa sawa na kupiga hodi mlangoni pa nyumba tupu. Unabisha, unangoja, kisha unarudi na maneno yako mdomoni. Poulsen alijiuliza kama haiwezekani maneno hayo yakaachwa pale pale penye simu, yakamngoja mwenye nyumba mpaka atakaporudi.

Mashine za kuhifadhi sauti zilikuwako tayari. Mmarekani Thomas Edison alikuwa ametengeneza santuri yake ya kwanza mwaka 1877, nayo ilifanya kazi kwa sindano inayochora mifuo. Poulsen hakutaka kuchora chochote. Yeye aliwaza hivi: sauti ikiingia katika simu hugeuka umeme unaopanda na kushuka. Umeme huo ukipitishwa katika sumaku ndogo, nguvu ya sumaku nayo itapanda na kushuka. Basi waya wa chuma cha pua ukipita mbele ya sumaku hiyo, kila sehemu ya waya itabaki na kiasi chake cha usumaku, hapa mwingi, pale mchache, kwa mpango ule ule wa sauti. Ukitaka kuisikiliza sauti, upitishe tena waya mbele ya sumaku, na mambo yote yatarudi kinyumenyume: usumaku utazaa umeme, na umeme utazaa sauti.

Haki haifichwi. Mmarekani mwingine, Oberlin Smith, alikwisha andika mwaka 1888 kwamba jambo kama hilo lawezekana. Lakini Smith aliliacha katika karatasi. Aliyelitenda ni Poulsen, naye alilitenda kwa vifaa ambavyo fundi yeyote angeweza kuvipata. Alifunga waya wa kinanda kutoka ukuta hadi ukuta, upande mmoja juu na upande wa pili chini, akaning'iniza sumaku yake kwenye kigari kidogo. Kigari kilipoteremka juu ya waya, yeye alikwenda nacho huku akipiga kelele ndani ya kipaza sauti. Kisha akakirudisha juu, akaondoa kipaza sauti, akaweka kisikilizio cha simu, akakiteremsha tena. Sauti yake ikamrudia kutoka ndani ya waya.

Tarehe 1 Desemba 1898 aliomba haki ya uvumbuzi nchini mwake. Chombo akakiita telegrafoni. Haki ya Marekani aliipata Novemba 1900, na katika maandishi yake ya kisheria hakutaja waya tu. Alieleza pia kwamba karatasi yaweza kupakwa vumbi la chuma na kutumiwa badala ya waya, na kwamba sahani ya chuma yaweza kuzungushwa huku sumaku ikipita juu yake kwa mviringo. Hiyo karatasi yenye vumbi ndiyo babu wa utepe wa kaseti, na hiyo sahani inayozunguka ndiyo babu wa diski ngumu.

SIFA ZA PARIS

Mwaka 1900 yalifanyika maonyesho makubwa mjini Paris, na telegrafoni ilipelekwa huko. Watu walisongamana. Wakubwa kwa wadogo walitaka kusema neno mbele ya mashine na kusikia sauti zao zikirudi bila ya mkwaruzo wa sindano. Miongoni mwa waliosema alikuwa Kaisari Franz Joseph wa Austria. Waamuzi walikitunuku chombo hicho zawadi kuu ya maonyesho, na magazeti yakakisifu kwa kila namna.

Kilichosifiwa kilistahili sifa, lakini mengi yalibaki hayakuulizwa. Je, sauti ile yatosha kusikika chumbani, au ni mpaka mtu aweke kisikilizio sikioni? Jibu lilikuwa ni sikioni, tena kwa shida, maana vikuza sauti vya umeme vilikuwa bado havijavumbuliwa. Je, mashine yachukua maneno ya muda gani? Ile ya kwanza, ambayo waya wake ulizungushwa juu ya gogo la shaba, ilichukua muda mfupi mno. Zile zilizokuja baadaye, zenye magurudumu ya waya, zilifika kama nusu saa, lakini ilibidi waya ukimbie karibu futi 7 kwa kila sekunde moja. Je, waya wa mbio namna hiyo ukikatika au ukijifunga mafundo, nani ataufumbua? Katika maonyesho mambo hayo hayaonekani. Yanaonekana ofisini, mwezi wa tatu au wa nne, wakati karani ana kazi ya kumaliza.

Poulsen mwenyewe aliijua kasoro ya sauti hafifu, wala hakuipuuza. Pamoja na mhandisi mwenzake, Peder Oluf Pedersen, alitafuta dawa, na mnamo 1907 wawili hao walipata haki ya Marekani kwa njia ya kuupitisha umeme mtulivu katika sumaku ya kurekodia, ili sauti itoke safi zaidi. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, ila haikutosha kuiokoa biashara.

Huko Marekani iliundwa kampuni mwaka 1903 ya kutengeneza na kuuza telegrafoni. Kampuni hiyo iliuza hisa kwa watu wengi kwa nguvu ya sifa za Paris na kwa matumaini ya faida kubwa. Hisa zilikwenda haraka kuliko mashine. Waliozipokea mashine walilalamikia ubovu, na walionunua hisa walingoja faida isiyofika. Baada ya ugomvi wa miaka, kampuni iliwekwa mikononi mwa mfilisi mwishoni mwa miaka ya 1910. Wazee wetu husema kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini hapa palikuwa na jambo la tatu: kizuri kisichokomaa, kilichotembezwa na wauzaji kabla ya wakati wake, mpaka watu wakakichoka.

KIPIMO CHA BAHARINI

Wakati telegrafoni ikisuasua, Poulsen alikuwa ameshika kazi nyingine. Mitambo ya redio ya siku zile ilitumia cheche. Cheche hutoa mawimbi ya vipande vipande, kama mipigo ya ngoma: inadunda, inakatika, inadunda tena. Kwa kupeleka alama za simu ya maandishi yatosha, lakini huwezi kubebesha maneno ya mtu juu yake. Palihitajika wimbi lisilokatika, kama sauti ya zumari inayoshikwa kwa pumzi moja.

Mwingereza William Duddell alikuwa ameonyesha mwaka 1900 kwamba upinde wa umeme, ule mwanga mkali unaoruka kati ya vijiti viwili vya makaa, waweza kutoa sauti mfululizo. Lakini mawimbi yake yalikuwa ya chini mno kwa redio. Poulsen aliuchukua upinde huo akauweka ndani ya chumba chenye gesi ya haidrojeni, kisha akausimamishia sumaku yenye nguvu ubavuni. Kwa kufanya hivyo alipata, mnamo 1903, mawimbi ya redio yasiyokatika. Denmark ilimheshimu kwa kazi hiyo, na mwaka 1907 Chama cha Kifalme cha Sayansi cha nchi hiyo kikampa nishani ya dhahabu. Mwaka 1909 Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, kikamtunuku udaktari wa heshima.

Mwaka huo huo wa 1909 mhandisi kijana aliyezaliwa Australia, Cyril Elwell, alizipata haki za upinde huo kwa ajili ya Marekani, akaanzisha kampuni mjini Palo Alto, California. Safari hii mambo hayakupitia kwenye maonyesho. Jeshi la majini la Marekani lilikuwa limejenga kituo kikubwa cha redio huko Arlington, karibu na Washington, na humo ulifungwa mtambo wa cheche wa kilowati 100. Elwell aliomba nafasi ya kuuweka kando yake mtambo wa upinde wa kilowati 30 tu. Kwa mtu anayetazama hesabu zilizoandikwa juu ya chombo, mshindi alikuwa ameshajulikana kabla ya mchezo kuanza.

Lakini jeshi halikutazama maandishi. Mwanzoni mwa mwaka 1913 manowari iitwayo Salem ilivuka bahari ya Atlantiki kuelekea Gibraltar, na njiani mabaharia walizisikiliza ishara za mitambo yote miwili, usiku na mchana, wakiandika nguvu ya kila mmoja kwa umbali waliofikia. Kadiri meli ilivyozidi kwenda mbali, ndivyo ilivyodhihirika kuwa upinde mdogo hauzidiwi na cheche kubwa, na katika masafa marefu ulikuwa ndio bora. Jeshi likaagiza mitambo ya upinde kwa vituo vyake, kuanzia eneo la mfereji wa Panama. Kufikia 1920 ulikuwa umesimama karibu na Bordeaux, Ufaransa, mtambo wa upinde wa kilowati 1,000.

Tazama, basi. Mtu ni yule yule, akili ni ile ile. Chombo cha kwanza kilisifiwa na waliokiona kwa nusu saa, na cha pili kilihukumiwa na waliokaa nacho safari nzima. Cha kwanza kiliwatia hasara waliokiamini. Cha pili kilifanya kazi mpaka kilipopitwa na wakati katika miaka ya 1920, vilipokuja vyombo vya taa za redio.

Na katika jambo hilo mna kitu cha ajabu. Ilikuwa katika kampuni ile ile ya Palo Alto, mnamo 1912, ambapo Lee de Forest aliigeuza taa yake ya umeme ikawa kikuza sauti. Kikuza sauti ndicho hasa kitu ambacho telegrafoni ilikikosa tangu siku ya kwanza.

KUTOKA WAYA HADI SAHANI

Mbegu ya Poulsen haikufa. Mwaka 1928 Fritz Pfleumer wa Ujerumani alipata haki ya utepe wa karatasi uliopakwa unga wa chuma, na mwaka 1935 mashine ya utepe ilionyeshwa hadharani mjini Berlin. Mwaka 1963 kampuni ya Philips ilitoa kaseti ndogo iliyoenea dunia nzima hadi ikafika kwetu.

Ile sahani nayo ilingoja zaidi. Mwaka 1956 kampuni ya IBM, kwa kazi ya kundi la Reynold Johnson mjini San Jose, California, ilitoa diski ya kwanza ya kompyuta. Ilikuwa kubwa kama kabati mbili, ikiwa na sahani 50, kila moja ya upana wa inchi 24. Zote pamoja zilichukua herufi milioni 5, yaani herufi 100,000 kwa kila sahani. Kufikia mwaka 2024 zilikuwako diski ambazo kila sahani, isiyofika upana wa inchi 4, yachukua terabaiti 3, nazo ni herufi 3,000,000,000,000. Ukihesabu herufi kwa herufi, sahani moja ya namna hiyo ni sawa na sahani milioni 30 za mwaka 1956.

Uwezo umekua kwa kiasi kisichoaminika, lakini suala la Paris na Arlington halijaondoka. Nani anakipima chombo, na anakipima vipi?

Chukua mfano wa kipimo chenyewe. Mtengenezaji akiandika terabaiti 1, ana maana ya baiti 1,000,000,000,000. Lakini kompyuta nyingi hugawanya kwa 1,024 mahali ambapo mwenye kiwanda hugawanya kwa 1,000, na mnunuzi anapofika nyumbani huona gigabaiti 931. Hakuibiwa hata baiti moja, ila pishi ya dukani na pishi ya nyumbani si moja. Mwandishi anayevichambua vyombo asipomweleza msomaji jambo hilo, amemwacha na dhana mbaya bure.

Au chukua idadi ya sahani. Diski mbili zenye uwezo sawa zaweza kuwa moja ina sahani 2 na nyingine ina 3. Yenye sahani chache hubeba habari zilizosongamana zaidi, kwa hiyo aghalabu husoma upesi, hula umeme kidogo na haipati joto sana. Tena diski hiyo hiyo husoma kwa kasi zaidi ukingoni mwa sahani kuliko karibu na kitovu, kwa sababu mzunguko wa nje ni mrefu. Mchambuzi anayeipima diski ingali tupu, habari zikiwa zinaandikwa ukingoni tu, anatoa sifa ambazo mwenye diski iliyojaa hatazikuta.

Mwaka 2020 lilijulikana jambo zito zaidi. Watengenezaji wakubwa walikuwa wakiuza baadhi ya diski ambazo mistari yake ya sumaku imelaliana kama makuti juu ya paa, pasi na kumweleza mnunuzi waziwazi. Kwa njia hiyo sahani huchukua habari nyingi zaidi. Lakini kama ilivyo kwa makuti, huwezi kulibadili la chini pasi na kuyagusa ya juu yake, na hivyo kazi ya kuandika upya huwa nzito. Katika majaribio mafupi diski hizo zilionekana hazina neno. Waliogundua ni watu waliozitumia siku nyingi, zikawakwama katikati ya kazi, nao hawakuchoka kuuliza mpaka wakajibiwa.

Hilo si jambo dogo kwa watu wa kawaida. Ndani ya diski mna sauti ya mzazi aliyefariki, mna picha za arusi, mna hesabu za duka na darasa za msikitini zilizorekodiwa kwa miaka. Anayemwambia mwenzake kwamba chombo fulani chafaa, naye hakukijaribu ila kwa saa moja, ameibeba dhamana asiyoweza kuilipa.

Poulsen aliaga dunia Julai 1942, akiwa na umri wa miaka 72, nchi yake ikiwa chini ya majeshi ya Ujerumani. Nishani ya dhahabu yenye jina lake ilianza kutolewa nchini Denmark mwaka 1939, na mwaka 1969, ilipotimia miaka mia tangu kuzaliwa kwake, picha yake ilitiwa katika stempu ya nchi hiyo.

Hati za hisa za kampuni ya telegrafoni zilibaki karatasi tupu mikononi mwa walionunua. Lakini waya uliochukua maneno ya Kaisari Franz Joseph mwaka 1900 ungaliko. Dola yake ilivunjika mwaka 1918, na sauti yake bado yasikika kutoka ndani ya chuma, nayo ndiyo sauti kongwe kuliko zote zilizohifadhiwa kwa sumaku.